Mwambie cha Kuogopa

Wenzangu mliobaki kwenye chumba cha mazoezi mmeniomba niandike maneno mawili matatu juu ya kazi yetu, kwa kuwa siku ya kuniaga nilikataa kusimama kuzungumza. Mlidhani ni unyenyekevu. Haukuwa unyenyekevu, ulikuwa woga. Miye Raya binti Kombo ni mwoga tangu kuzaliwa, na kazi ya kukunja magoti ya watu nimeifanya maisha yangu yote huku naogopa. Atakayekwambieni kwamba mtu huzoea, msimwamini. Labda azoee yeye.

Nilianza kama mhudumu wa wodi, msichana wa kupiga deki na kubeba vyombo vya wagonjwa. Siku ya kwanza nilimkuta mtu aliyeanguka mkarafuuni, paja limevunjika, mguu umening'inizwa kwa kamba na kapi, na mwisho wa kamba mfuko wa mchanga unavuta. Nikaambiwa nifagie chini ya kitanda lakini ule mfuko nisiuguse. Nikaugusa, tena kwa mpini wa fagio. Yule mtu alipiga ukelele ambao wodi nzima iliusikia, nami nikatupa fagio nikakimbilia jikoni, nikajificha nyuma ya magunia ya mkaa.

Aliyekuja kunitoa jikoni alikuwa Bwana Mathias. Huyu alikuwa mtu wa bara, Mkristo, mrefu mpaka akiinama mlangoni, na ndiye peke yake hospitalini petu Pemba aliyesomea mazoezi ya viungo.

"Umemuumiza?" akaniuliza.

"Sijui."

"Basi twende tukamuulize."

Nilikwenda nyuma yake. Mgonjwa akasema, "Kaniumiza, lakini mwacheni, mtoto wa watu huyo." Baada ya hapo Bwana Mathias akaomba niwe msaidizi wake. Sikujua kaniona na nini. Nadhani alitaka mtu ambaye hatavuta kamba ya mwenzake ovyo ovyo.

Mengi aliyonifundisha yamo kwenye vitabu mlivyosoma, sina haja ya kuyarudia. Nitataja mawili ambayo hayamo. La kwanza alijifunza nyumbani kwetu. Sikukuu ya Idi baba yangu alimwalika chakula. Mkeka umetandikwa, sinia ya pilau iko katikati, watu wamekaa duara, na Bwana Mathias hawezi kukaa. Akakunja mguu huu, ukakataa. Akakunja ule, akamkanyaga ami yangu. Mwisho akala ameunyoosha mguu mmoja hadi kizingitini, na kila anayepita anauruka. Baba alisema aletewe kiti, yeye akakataa katakata, kwa hiyo sote tukala kwa tabu.

Tuliporudi kazini akaagiza mkeka wa ukindu, akautandika kwenye chumba cha mazoezi. "Hapa watu wanaishi chini," alisema. "Wanakula chini, wanasali chini, wanachambua karafuu chini, na chooni wanachuchumaa. Goti linaloweza kukalia kiti haliwatoshi." Tangu siku hiyo mgonjwa wetu hakuandikiwa kwamba kapona mpaka akae mkekani na ainuke mwenyewe. Mkeka mnaoutumia sasa si ule, ule ulikwisha zamani, lakini sababu yake ni hiyo. Msikubali mtu auondoe kwa kusema unaleta vumbi.

Mkeka ulikuja na jambo jengine, la viatu. Mtu mwenye mguu mfupi hushonewa kiatu chenye soli nene, akatembea sawa barabarani. Lakini kwetu kiatu kinaishia mlangoni. Akifika kwa mtu anakivua, akifika msikitini anakivua, nyumbani kwake anakivua, na pale kwenye kizingiti kilema chake kinamrudia mbele ya macho ya wote. Nimewaona watu wazima wakisita mlangoni, wakisingizia wana haraka, ili tu wasivue.

La pili la Bwana Mathias lilitokana na jambo baya. Aliletwa mtu kutoka Msuka, naye alikuwa kaanguka mkarafuuni. Akafungwa plasta ya kubana mno mguuni na mmoja wetu, simtaji, keshatangulia mbele ya haki. Alipokuwa akiondoka akaulizia maumivu, akaambiwa, "Usiogope, ni kawaida." Yule mtu alikuwa mtiifu. Vidole vikawa baridi, hakuogopa. Vikawa vyeusi, hakuogopa. Aliporudishwa kwetu mguu ukakatwa chini ya goti, na mkewe alikaa barazani akisema tu, "Tuliambiwa tusiogope." Nilikuwa nimeshika beseni. Nilishindwa hata kuliweka chini.

Alasiri Bwana Mathias aliniita kando. Kisha akaniambia: "Raya, usimwambie mgonjwa asiogope. Huwezi kumtoa mtu woga, utamfanya auelekeze pasipofaa. Mwambie cha kuogopa." Tangu hapo ndivyo tulivyofanya kazi. Vidole baridi, ogopa. Ganzi, ogopa. Usaha, ogopa. Maumivu ya kukunja goti, hayo usiyaogope, yapigie kelele ukitaka, maana chumba hiki kimezoea kelele.

Alipostaafu akarudi kwao bara. Aliniachia vibao. Mnavijua: ni vile vipande vya mbao vya unene tofauti tunavyomkanyagisha mgonjwa chini ya mguu mfupi, kimoja juu ya kimoja, mpaka kiuno kikae sawa. Alivichonga mwenyewe kwa mbao za mfenesi. Kimoja kimeliwa na mchwa pembeni, lakini unene wake haujabadilika.

Sasa niseme habari ya Zuwena, kwa sababu najua ndiyo mnayoitaka na mnaona aibu kuuliza.

Zuwena ni mwalimu wa skuli ya maandalizi huko Gando. Utotoni alivunjika paja karibu na goti, mfupa ukaunga lakini ukaacha kukua, mguu wa pili ukaendelea. Alipokuwa mkubwa alikuja kwangu akasimama juu ya vibao, navyo vikawa vingi. Nikampeleka kwa mafundi wa viatu. Wakamshonea kiatu cha soli nene, akakivaa, akashukuru, kisha akaniambia, "Bi Raya, watoto wangu nawasomesha chini mkekani, sina viatu kutwa. Hiki nitakivaa njiani tu."

Baadaye alipata nafasi ya kwenda hospitali kubwa ya bara kurefushwa mguu. Kwa ambao hamjaiona kazi hiyo: wanaukata mfupa kwa makusudi, wanapitisha vyuma vyembamba kwenye ngozi na nyama hadi mfupani, wanavishika kwa pete za chuma nje ya mguu, kisha nati zinakazwa kidogo kidogo kila siku. Pande mbili za mfupa zinaachana taratibu na mfupa mpya unaota katikati. Mungu kaumba maajabu. Mfupa unakubali kudanganywa. Nyama, mishipa na goti ndivyo visivyokubali, na hapo ndipo sisi tunapoingia.

Alirudi Gando na vyuma vyake pajani. Mara ya kwanza kuviona nilitamani nirudi nyuma ya magunia ya mkaa. Mama yake, Bi Mkasi, alikuwa kampasulia madera upande mmoja ili yapite juu ya pete. Chandarua kilinasa kwenye vyuma kila alipogeuka, wakaacha kukifunga na wakafukiza majani jioni. Spana ya kukazia nati Bi Mkasi aliifunga kwenye leso akaiweka kwenye kabati la vyombo vya wageni. Kila akikaza alipiga bismillahi, kisha alitoka nje akakaa ukutani kidogo. Majirani walikuja kutazama. Mmoja akauliza kama si kumkosoa Muumba. Bi Mkasi akamjibu, "Na weye ulipong'oa jino, ulimkosoa nani?"

Nikawafundisha. Maji yaliyochemshwa na chumvi, yapoe. Kila chuma na kitambaa chake, msihamishe cha huku kwenda huku. Goti likunjwe kila siku, alie asilie. Nikamwambia Bi Mkasi cha kuogopa: wekundu unaopanda, joto, majimaji machafu. Akanisikiliza kwa makini sana. Nikarudi nyumbani nimeridhika, jambo ambalo mtu wa kazi hii asilifanye.

Ziara iliyofuata nilisikia harufu kabla ya kubisha hodi. Ilikuwa harufu ya karafuu, kali, ya mafuta yale ambayo kila nyumba ya Pemba inayo chupa yake kwa meno na kwa mishipa. Nikaingia. Zuwena amelala, uso umesawijika, na ngozi ya kuzunguka vile vyuma imeungua, imechubuka, na mahali pengine imeanza kutoa maji.

"Nani kapaka?" nikauliza.

"Miye," akasema Bi Mkasi. "Niliona wekundu kidogo. Uliniambia niogope wekundu, nikaogopa."

Alikuwa kafanya kile mama yake angefanya na bibi yake angefanya, na alikuwa kaogopa vile vile nilivyomwambia aogope. Tatizo nilimpa woga nisimpe njia ya kuutumia. Kwa hiyo kanuni ya Bwana Mathias mimi nimeiongeza mkia, nanyi muichukue hivyo: mwambie cha kuogopa, na mwambie akishaogopa afanye nini. Ampigie nani, aache nini, asipake nini. Taja mafuta ya karafuu kwa jina. Usidhani mtu anajua.

Tulipiga simu bara. Vidonda vikaingia uchafu, goti nalo likawa linakakamaa, na madaktari wakaamua kusimamisha kurefusha kabla mguu haujafikia urefu wa mwenzake. Wakaacha vyuma mpaka mfupa mpya ukomae, kisha vikatolewa. Alisimama tena juu ya vibao vyangu. Vilivyokuwa vingi vilibaki viwili. Zuwena alivitazama akasema, "Alhamdulillahi, si haba." Bi Mkasi alivitazama vile viwili akaanza kulia.

Kilichobaki kilikuwa goti. Lilikuwa gumu kupita magoti yote niliyoyashika. Kwa muda mrefu liliishia kiasi cha kukaa kitini, na kule bara walipoliona wakasema ni goti zuri. Si kosa lao, wao wana viti. Sisi tuliendelea. Namlaza kifudifudi, nakunja, analia, naacha, anasema, "Endelea Bi Raya, usinionee huruma ya uongo." Nikiwa nalikunja nilikuwa nausikiliza mfupa mpya kwa viganja vyangu, naogopa usije ukavunjika mkononi mwangu. Hakuna siku niliyotoka mle chumbani blauzi yangu ikiwa kavu.

Mpaka siku aliposhuka mkekani, akakunja, akakaa kitako cha tahiyatu, kile cha katika sala, mguu umelala chini yake kama wa mtu mwengine yeyote. Kisha akasujudu palepale, hata si wakati wa sala. Nilitoka nje nikasingizia natafuta taulo.

Haukupita muda mrefu, kukaja habari kutoka bara: vile vibao viwili vilivyobaki vinaweza kuondoka. Upasuaji wa pili, safari hii chini ya goti. Mfupa ukatwe tena, vyuma tena, nati tena. Na goti, walisema kwa ukweli wao, linaweza kukakamaa tena, na likikakamaa mara ya pili huenda lisirudi lilikokuwa.

Zuwena alinijia wiki yangu ya mwisho kazini. Subira, weye uliyerithi kazi yangu, ulikuwepo, ulikuwa unakunja mashuka na unajifanya husikii. Alivua viatu mlangoni, kile chenye soli nene na kile cha kawaida, akaja akichechemea, akakaa mkekani.

"Miye nnaogopa, Bi Raya," akasema. "Nambie cha kuogopa."

Nikamwambia. Nilimwambia yote, tena kwa ufasaha ambao sijawahi kuwa nao. Uchafu kuingia mfupani. Mfupa mpya kukataa kuota. Mshipa wa fahamu kuvutika, mguu ukawa hauinuki mbele. Unyayo kukakamaa. Na goti, goti, goti. Nikamwambia watoto wa skuli atawasomesha yuko kitini nao wako chini. Nikamwambia atasali kitini, pembeni ya safu. Nikamalizia: "Na mimi sitakuwepo. Wiki ijayo nimestaafu."

Kisha akauliza, "Na nisipokwenda, niogope nini?"

Nilijua jibu. Kiuno kitaendelea kulala upande, mgongo utaanza kulipa, nyonga italika mapema. Akibeba mimba uzito wote utaegemea mguu mmoja. Nikamwambia, lakini kwa sauti ndogo, na kwa kifupi.

"Mbona hayo hukuyatia mwanzo?"

"Kwa sababu hayo hayakupita mikononi mwangu," nikasema. Ulimi ulitamka kabla sijauzuia. "Goti lako likifunga, ni kazi ya mikono hii itakayopotea. Mgongo wako ukiuma, utauma nyumbani kwako."

Hakukasirika. Alilikunja lile goti akalikunjua, kama mtu anayejaribu bawaba ya mlango. Akasema, "Bi Raya, nikibaki, nataka nibaki kwa woga wangu. Huu ulonipa leo ni wako."

Akainuka mwenyewe, bila kushika ukuta. Mlangoni akavaa viatu vyake viwili visivyolingana akaenda zake. Nilibaki pale nikiangalia mkeka. Watu husema aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na ule mkeka mzima umesukwa kwa majani membamba kama hayo.

Nikastaafu. Mkanipa saa ya ukutani, ahsanteni, ingawa sasa sina pa kuwahi. Zuwena akawa anakuja kwa Subira, si kwangu, na Subira kwa adabu zake alikuwa ananiambia kidogo tu: kaja, kakunja, kaondoka. Sikuuliza kaamua nini. Niliogopa majibu yote mawili.

Siku moja asubuhi Bi Mkasi akapiga hodi nyumbani kwangu. Nikamkaribisha, nikampa maji, tukaulizana hali za watoto na za karafuu mpaka zikaisha. Kisha akatoa kifurushi cha leso kwapani. Ndani mna chupa ya mafuta ya karafuu, imejaa.

"Nihifadhie weye," akasema. "Mwanangu akirudi na vyuma, sitaki hii iwemo ndani. Najijua."

Hivyo ndivyo nilivyojua kwamba Zuwena anakwenda. Nilitaka kumwambia Bi Mkasi asiogope. Maneno yalikuwa yameshafika mdomoni, nikayameza.

"Unaogopa nini hasa?" nikamuuliza.

"Mkono wangu," akasema.

"Miye naogopa wangu pia. Ukiona wekundu utafanya nini?"

"Nampigia Subira."

"Na asipopokea?"

"Nakupigia weye. Na sigusi kitu."

Nikaiweka chupa juu ya kabati. Tukakaa pamoja mpaka adhuhuri.

Jana mchana Zuwena alinipigia simu kutoka bara. Keshalazwa, na leo anaingia chumba cha upasuaji. Sauti ilikuwa nyembamba, nikasikia anavyovuta pumzi.

"Bi Raya, kaja daktari kijana hapa, mpole sana. Kaniambia nisiogope."

"Ukamjibu nini?"

"Nikamwambia avute kiti akae, aniambie cha kuogopa."

"Akakaa?"

"Kakaa. Kanambia yote, ya kwenda na ya kubaki. Mengine hata weye hukuyajua. Bado nnaogopa. Lakini huu sasa ni wangu."

Subira, vibao vimo kwenye droo ya chini, vile viwili nimevitenga juu. Mkeka uutoe juani kabla hajarudi. Goti lake lianze siku ileile atakayofika, na mikono yako ikitetemeka, mwambie kwamba inatetemeka, atakuambia uendelee.